Tawi Lilihama, Msingi Haukusogea

Asubuhi tuliyokwenda kuonyesha programu yetu kwenye zahanati moja ya mtaa wa Cibitoke, kazi ya mwenzangu haikuwemo. Haikuwa na kosa, wala haikuwa imeharibika. Haikuwemo kabisa. Muuguzi mkuu alibonyeza kitufe cha ujumbe wa majaribio, simu yake ikalia mfukoni mwa koti jeupe, akausoma ujumbe wa kumkumbusha mama siku ya chanjo ya mtoto wake. Ulikuwa wa Kirundi peke yake, kama ulivyokuwa tangu mwanzo.

"Hii mashini yenu inajua Kirundi tu," alisema. "Kama mama mukwe wangu."

Wauguzi wengine wawili walicheka. Mwenzangu hakucheka. Mimi nilitazama skrini, kisha nikamtazama yeye, kwa sababu siku iliyotangulia nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, ofisini Kinanira, na nilikuwa nimeiona kazi hiyo kwa macho yangu ikiwa imekamilika. Ujumbe wa Kiswahili ulikuwepo. Ujumbe wa Kifaransa ulikuwepo. Na zilikuwepo namba za simu za Kongo, ambazo programu ya zamani ilizikataa, hivyo akina mama waliovuka kutoka Uvira na laini zao za kule hawakuwa wakikumbushwa chochote.

Nieleze kwanza tulikuwa nani na tulikuwa tunafanyaje kazi.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni Madame, mwenye kampuni, aliyetupa chumba cha mbele cha nyumba yake huko mlimani Kinanira na ambaye mwenyewe huandika programu vizuri anapopata nafasi. Wa pili ni mimi, niliyeingia kazi hii baada ya miaka kadhaa ya kukusanya habari za redio. Wa tatu ni mwenzangu, mwanaume wa Uvira, mume wa mtu na baba wa mtoto mmoja, aliyekuwa kwenye majaribio. Madame alikuwa amempa kazi moja tu ya kumpima: lugha na namba za ng'ambo. Akiifanya mwenyewe, na wauguzi wakaipokea, atasainiwa mkataba. Mkataba ndio ungemwezesha kuishi mjini kwa utaratibu unaoeleweka na kuwaleta mke na mtoto kutoka kambi ya wakimbizi. Bila mkataba, yeye ndiye angerudi kambini kuwafuata. Hakuwa akilizungumza sana jambo hilo, ila alikuwa ameshaangalia chumba cha kupanga katika mtaa wa Gasenyi, na alinionyesha kwenye simu picha ya mlango wake. Mlango mtupu wa chuma, wa rangi ya bluu. Hakupiga picha ya ndani.

Kuhusu kazi yenyewe: msimbo wote tuliutunza kwa Git, ambayo inahifadhi kila badiliko kama hatua moja, hatua juu ya hatua, na kila hatua ina jina la aliyeiandika. Kuna tawi kuu, ambalo ndilo linalopelekwa kwa wauguzi. Mtu akitaka kujenga kitu kipya anafungua tawi lake pembeni, anajenga huko, na kikiiva kinaunganishwa kwenye tawi kuu. Wenzetu wa nchi nyingine wanaweka ghala la kazi kama hiyo kwenye mtandao. Sisi mtandao ulikuwa unatutupa kila mara, kwa hiyo ghala letu lilikuwa kwenye flashi. Flashi moja, yenye utepe wa kijani, ya kuvaa shingoni. Sheria ya Madame ilikuwa hii: aliyevaa flashi ndiye pekee anayeruhusiwa kugusa tawi kuu. Wengine wanaomba flashi, wanachukua wanachohitaji, wanaweka matawi yao, wanarudisha. Juma lile nilikuwa nimeivaa mimi.

Mwenzangu alikuwa ameanza tawi lake zamani kidogo. Aliliweka kwenye flashi likiwa nusu, ili lisipotee, akaendelea nalo kwenye kompyuta yake. Wakati huohuo mimi na Madame tuliendelea kubadilisha tawi kuu. Nilikuwa nimepanga upya sehemu inayotuma ujumbe, na Madame alikuwa amesahihisha kalenda ya chanjo. Hivyo tawi lake lilikuwa limesimama juu ya msingi wa zamani. Siku ile iliyotangulia maonyesho, Madame alimwambia alihamishie juu ya msingi mpya, jambo ambalo sisi tunaliita kurebase, kwa matamshi ya Kifaransa. Git inazinyanyua hatua zako moja moja na kuziandika upya, kwa mpangilio uleule, juu ya hatua ya mwisho ya tawi kuu.

Alifanya hivyo mbele yangu, flashi yangu ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta yake. Palitokea mgongano mahali pamoja, kwenye ile sehemu ya kutuma ujumbe niliyoipanga upya. Akausuluhisha. Kisha akanifungulia historia. Ilikuwa mstari mmoja ulionyooka: chini hatua zangu na za Madame, juu yake hatua zake. Hakuna kilichochepuka.

"Da, unaona? Iko juu ya zenu zote," alisema; Da ndivyo alivyoniita, kifupi cha dada.

"Naona."

"None," alisema, yaani sasa, "twende kwa wauguzi."

Madame alichungulia, akasema "Voilà," kwa kuridhika, akaenda kujibu simu. Nikachomoa flashi, nikaivaa, nikateremka mlimani.

Sasa tulikuwa Cibitoke, flashi imo kwenye kompyuta ya zahanati, nami nimekwisha kuchota tawi kuu, yaani kulivuta kutoka kwenye flashi, na Kiswahili hakipo. Niliuliza maswali kwa mpangilio niliouzoea. Nani aliona mara ya mwisho? Mimi. Aliona wapi? Kwenye kompyuta ya mwenzangu. Aliona nini hasa? Mstari ulionyooka, wenye hatua zetu na hatua zake. Je, baada ya pale kuna mtu aliyefuta? Hakuna. Kila jibu lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja hayakueleza kitu.

Mwenzangu alifungua kompyuta yake kwenye benchi la wagonjwa. Kazi ilikuwepo.

"Mi iko nayo hapa," alinong'ona. "Wewe juu ya flashi ndiyo hauna. Flashi yako imekula."

"Flashi haili msimbo."

"Basi nani amekula?"

Madame, aliyekuwa amesimama mlangoni akijaribu kutabasamu na muuguzi mkuu, alitusogelea. Alituomba tufanye haraka na tuache kubishana mbele ya wateja. Mwenzangu akaichomeka flashi kwake na kujaribu kulisukuma tawi lake humo. Git ilikataa. Ilisema tawi lake na lile lililo kwenye flashi yametengana, kila moja lina hatua ambazo jingine halina. Ikashauri achote kwanza kilichopo kwenye flashi ndipo asukume.

Hapo ndipo sote watatu tulipotea. Tulijua alikuwa na tawi moja. Aliliita kwa jina moja, alilianza yeye, hakuna mwingine aliyeligusa. Litatenganaje na nafsi yake?

"Inasema nichote," mwenzangu alisema. "Nichote?"

"Kama inasema," Madame alijibu.

Alichota. Kuchota kule kukayaunganisha mawili: la zamani lililokuwa kwenye flashi na jipya alilolihamisha. Mgongano ukarudi, mahali palepale pa kutuma ujumbe, ukiwa na vipande viwili vilivyofanana karibu kila kitu. Aliogopa kufuta hata kimoja, akaviacha vyote viwili. Nikaliunganisha tawi hilo kwenye tawi kuu, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nimevaa utepe, nikaichukua flashi hadi kwenye kompyuta ya zahanati, na muuguzi mkuu akabonyeza tena.

Simu yake ililia. Ikalia tena.

Alisoma, akatelezesha kidole, akasoma tena. "Kiswahili kimekuja," alisema. "Kimekuja na ndugu yake. Mutoto ni mumoja, chanjo ni mbili?"

"Apana, mama, ni shida kidogo tu," mwenzangu alimjibu.

"Shida kidogo. Mama wa kule Kongo akipata hizi mbili, atanibebea mutoto leo na kesho."

Madame aliomba tupewe hadi baada ya chakula cha mchana. Muuguzi mkuu alikubali bila kinyongo. Alikuwa na foleni ya akina mama iliyotoka mlangoni hadi kwenye geti, na nadhani aliona nafuu tulipomwachia meza yake.

Tulikaa barazani, upande wenye kivuli. Madame alifungua historia kwenye kompyuta ya mwenzangu, akaanza kuisoma kutoka juu kwenda chini, na nikauona uso wake ukibadilika. Hatua nyingi za mwenzangu zilikuwemo mara mbili. Maneno yaleyale, mwandishi yuleyule, lakini zikiwa na vitambulisho tofauti, kama watu wawili waliopewa jina moja siku moja.

"Kwa nini umeandika kila kitu mara mbili?"

"Sijaandika mara mbili, Madame."

"Naona mara mbili."

"Hata mimi naona."

Nikaomba kompyuta. Sikuwa najua zaidi yao. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya zamani ya redio: watu wawili wakisema mambo tofauti na wote wanaonekana wakweli, angalia kama wanazungumzia kitu kimoja. Nikaweka historia ya tawi kuu upande mmoja, kama lilivyokuwa asubuhi kabla hatujaligusa, na historia ya tawi la mwenzangu upande wa pili, kama lilivyokuwa jana. Tawi lake lilikuwa na hatua zetu chini na zake juu. Tawi kuu lilikuwa na hatua zetu tu. Liliishia pale tulipoishia sisi.

Kurebase kulikuwa kumelihamisha tawi lake. Tawi kuu halikuhama hata kidogo. Mstari niliouona jana ulikuwa umenyooka kweli, na hatua zetu zilikuwemo kweli, lakini ulikuwa mstari wa tawi lake, siyo wa tawi kuu. Nikajaribu kuwaeleza kwa njia niliyoielewa mwenyewe. Kwenye redio, mwandishi akileta ripoti iliyopitwa, mhariri anamwambia aiandike upya ilingane na habari za leo. Anaiandika. Sasa inalingana na taarifa ya habari, inaizungumzia, inaanzia pale taarifa inapoishia. Lakini bado iko mkononi mwake. Mpaka mtu aichukue na kuiingiza, msomaji wa taarifa atafungua kinywa na haitasikika.

"Kwa hiyo baada ya rebase bado kuna kuunganisha," Madame alisema.

"Bado. Ukitaka tawi kuu liwe nayo."

"Na hizi mbili mbili?"

Hilo lilikuwa gumu zaidi, nami nililisema nikiwa na shaka. Git haikuzihamisha hatua zake zenyewe. Iliandika nyingine mpya zinazofanana nazo, na za zamani zikabaki zilipokuwa, kwenye flashi, chini ya jina lilelile la tawi. Ndiyo maana lilitengana na nafsi yake. Alipochota, aliunganisha ya zamani na nakala yake mpya. Yaani tuliunganisha pasipohitajika, na panapohitajika hatukuunganisha.

Mwenzangu alishika kichwa. "Jana hatukuunganisha, ikakosekana. Leo tumeunganisha, ikazidi. Da, mutu ajue vipi?"

Nilimwambia lile nililoliona: ukishahamisha tawi, usilichanganye tena na mwili wake wa zamani. Liunganishe na tawi kuu tu.

Tulirudisha tawi kuu kama lilivyokuwa asubuhi. Git inakumbuka kila tawi lilikuwa limesimama wapi kabla ya kila amri, kwa hiyo tulilirudisha na tawi lake pale lilipokuwa kabla ya kuchota. Lile la zamani lililokuwa kwenye flashi lilitaka kufunikwa kwa lazima. Alisita kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Nikilazimisha, ile ya kwanza itakufa?"

"Tuipe jina lingine kwanza. Ibaki."

Tukaipa jina lingine, ikabaki. Kisha nikaingia tawi kuu na kuamuru liunganishwe na tawi lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mgongano wa tatu. Git ilijibu kwa mstari mfupi kwamba tawi kuu limesogezwa mbele. Hakuna hatua mpya ya kuunganisha iliyoandikwa, hakuna fundo. Kwa kuwa hatua zake zilikuwa tayari juu ya mwisho wa tawi kuu, hapakuwa na la kufanya ila kulisogeza tawi kuu hadi zilipo.

"Iliunganisha kweli?" mwenzangu aliuliza.

"Imesema imesogeza."

"Kusogeza ni kuunganisha?"

"Hapa, ndiyo."

"Hakuna alama mahali popote."

Hakukuwa na alama. Nililitazama tawi kuu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tuliyokuwa tumeyakosa asubuhi nzima yalifanyika bila kuacha ushahidi kwamba yamefanyika.

Baada ya chakula muuguzi mkuu alibonyeza. Simu ililia mara moja. Alisoma Kiswahili, akabadilisha, akasoma Kifaransa, akacheka jinsi kwenye Kiswahili tulivyoandika "mutoto" kama wanavyosema akina mama wenyewe. Kisha akatoa kwenye mkoba wake simu nyingine, ya mdogo wake aliyekuja kutoka Uvira, akaingiza namba ya Kongo. Nayo ikalia.

"Hii ya namba," alisema, "hii ndiyo nilikuwa naililia. Nani kati yenu ameifanya? Nimushukuru."

"Ni mimi, mama," mwenzangu alisema.

Akampa mkono. Akampa na soda ya baridi, sisi wengine hakutupa.

Tulirudi Kinanira tukitembea sehemu kubwa ya njia, maana mabasi yalikuwa machache na yaliyopita yalijaa. Mwenzangu alikuwa anaongea kuliko siku zote. Alikuwa anapanga ni nani angemsaidia kubeba godoro hadi Gasenyi. Madame alisema karatasi ya mkataba iko tayari kwenye droo, angependa tu kuipitia kazi mara moja zaidi, hatua kwa hatua, kisha asaini.

Aliipitia tukiwa tumekaa naye. Hatua ya Kiswahili, jina la mwenzangu. Hatua ya Kifaransa, jina la mwenzangu. Ujumbe wa majaribio wa lugha zote tatu, jina la mwenzangu. Akafika chini, akarudi juu, akafika chini tena.

"Ya namba za Kongo iko wapi?"

Haikuwemo kati ya hatua zake. Nilifungua lile tawi la zamani tulilolipa jina lingine, nayo mle ilikuwemo, ina jina lake. Katika tawi lililohamishwa haikuwemo. Lakini programu ilikuwa inazikubali namba za Kongo, tuliona wenyewe. Nikaitafuta mistari yenyewe, na nikaipata chini zaidi, kati ya hatua zangu na za Madame, katika tawi kuu, tangu kabla ya kuhamisha. Mistari ileile, hata nafasi tupu zilikuwa zilezile. Ndipo nilipogundua kwamba Git, wakati wa kuhamisha, ikikuta badiliko lako tayari limo katika msingi mpya, inaliruka, kwa kuwa hakuna la kuongeza. Ilikuwa imesema hivyo kwenye skrini jana, kwa mstari mmoja, katikati ya mistari mingine.

Jina la mwandishi wa hatua ile ya tawi kuu lilikuwa "bureau", yaani ofisi. Hilo ni jina la kompyuta ya pamoja iliyo kwenye meza karibu na dirisha, ile iliyounganishwa na betri kubwa. Umeme ukikatika na kompyuta zetu zikizima, yeyote kati yetu anahamia pale na kuendelea. Hakuna aliyewahi kuweka jina lake humo.

"Ni wewe uliyeiweka?" Madame alinigeukia. "Wewe ndiye ulikuwa na flashi."

Sikumbuki kuiweka. Niliwahi kuinakili hatua moja ndogo kutoka tawi lake kwenda tawi kuu, hilo nalikumbuka, lakini ninavyokumbuka ilikuwa ni ya rangi ya kitufe. Mwenzangu alisema aliandika hatua ya namba nyumbani alikofikia kwa muda, Cibitoke, kwenye kompyuta yake, na hakumpa mtu. Kisha akasema labda siku moja umeme ulikatika akaihamishia kwenye kompyuta ya ofisi, kisha akasema hapana. Madame mwenyewe alikiri kwamba namba hizo zilimsumbua wakati fulani na huenda alizigusa. Tarehe ya hatua hiyo ya "bureau" inaonyesha saa ya mchana ya siku ambayo sote tulikuwepo chumbani.

"Sisemi hukuifanya," Madame alimwambia. "Nilisema uifanye mwenyewe. Nataka tu kujua."

"Nami nataka kujua, Madame," alimjibu.

Tangu siku ile nimezilinganisha hatua hizo mbili mara kadhaa, ile yenye jina lake na ile ya "bureau". Hazitofautiani kwa herufi. Tarehe ya hatua yake ni ya baadaye, ila alikuwa na desturi ya kukaa na kazi kwa muda kabla ya kuihifadhi, kwa hiyo tarehe haisemi ni nani aliyetangulia. Wauguzi wanaitumia programu na hawajalalamika. Chumba cha Gasenyi bado hakijapata mpangaji, nilipita kukiona. Karatasi iko kwenye droo ya Madame, ina jina la mwenzangu, na mahali pa Madame kusaini pako wazi.